Osamu Tezuka: Daktari aliyechagua kalamu, na anime ikaingia nyumbani kupitia televisheni

Vijana wanaofuatilia Naruto, One Piece au Dragon Ball huulizana mara kwa mara swali moja: baada ya hii, tutazame ipi? Jibu moja ambalo wachache hulitoa ni kurudi nyuma, hadi kwa Mjapani aliyefariki kabla ya wengi wao kuzaliwa. Jina lake ni Osamu Tezuka. Alifariki mjini Tokyo tarehe 9 Februari 1989, akiwa na umri wa miaka 60. Aliacha kurasa za michoro zinazokadiriwa kufikia 150,000, na nchini kwao anaitwa mungu wa manga.

Manga ni vitabu vya Kijapani vya hadithi za michoro, vile ambavyo Wakongomani wengi huviita BD. Anime ni filamu za katuni za Kijapani, na nyingi hutokana na manga. Kashebere, mahali ambapo wilaya za Masisi na Walikale zinakutana, ni mbali sana na Tokyo. Hata hivyo, siku hizi filamu husafiri kwenye kadi za memori, kutoka simu moja hadi nyingine, nyingi zikiwa zimetafsiriwa kwa Kifaransa. Mtoto wa Kivu Kaskazini anaweza kumjua Son Goku kabla hajaiona Kinshasa.

Lakini Tezuka hafai kukumbukwa na Wakongomani kwa sababu ya burudani peke yake. Alikuwa mtoto wa vita. Shujaa wake wa kwanza mkubwa alibeba jina la atomu, katika nchi iliyopigwa kwa bomu ambalo urani yake kwa sehemu kubwa ilitoka ardhi ya Kongo. Na hadithi yake nyingine maarufu inatokea katika msitu wa Afrika, ambako mataifa ya kigeni yanagombania jiwe lenye nguvu.

Mtoto aliyechokozwa shuleni

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 katika mji wa Toyonaka, jimbo la Osaka. Alikuwa mzaliwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Alipokuwa na miaka mitano, familia ilihamia Takarazuka, mji uliojulikana kwa kundi la maigizo na nyimbo ambamo wanawake huigiza nafasi zote, hata za wanaume. Mama yake alimpeleka kutazama maonyesho hayo. Nyumbani, baba yake alikuwa na mashine ndogo ya kuonyesha filamu, jambo lililokuwa nadra wakati huo. Mtoto huyo alizitazama katuni za Kimarekani ukutani mwa nyumba yao.

Shuleni maisha hayakuwa rahisi. Alikuwa mdogo wa mwili, amevaa miwani, nywele zake zimejikunja, na wenzake walimchokoza. Kilichomwokoa ni penseli. Wenzake walipoona anavyochora, walianza kumkaribia ili wasome hadithi zake.

Alipenda pia wadudu. Aliwakusanya na kuwachora kwa uangalifu mkubwa, hadi akabadilisha namna ya kuandika jina lake: aliongeza herufi yenye maana ya mdudu, kwa sababu yupo mbawakawa ambaye jina lake la Kijapani linafanana na Osamu. Neno hilo la mdudu, mushi, baadaye lilikuja kuwa jina la studio yake.

Chini ya mabomu ya Osaka

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa kijana wa sekondari. Kama wanafunzi wengi wa Japani wakati huo, alitolewa darasani na kupelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha jeshi. Kabla ya hapo alikuwa ameugua vibaya kwenye kambi ya mafunzo: ugonjwa wa ngozi uliivimbisha mikono yake kiasi cha kuhofiwa kwamba ingekatwa. Daktari aliyemtibu aliiokoa mikono hiyo, na kijana akaanza kutamani kuwa daktari.

Mwezi Aprili 1945, katika jumba la sinema lililosalia mjini Osaka, alitazama filamu ndefu ya katuni kuhusu Momotaro, shujaa wa ngano za Kijapani. Ilikuwa filamu ya propaganda iliyolipiwa na jeshi la majini. Lakini kijana huyo hakuijali propaganda. Aliona uzuri wa picha zinazotembea, akaamua kwamba siku moja naye atatengeneza filamu ya namna hiyo.

Mwezi Juni mwaka huohuo, ndege za Marekani ziliishambulia Osaka. Tezuka alikuwa zamu kwenye mnara wa ulinzi wa kiwanda. Mabomu ya moto yalianguka karibu naye na watu wengi wakafa. Alinusurika, akatembea kurudi nyumbani katikati ya maiti na nyumba zilizokuwa zikiungua. Mambo hayo aliyasimulia na kuyachora mara nyingi katika maisha yake.

Tarehe 6 Agosti, bomu la atomiki liliangushwa Hiroshima. Tarehe 9 lingine lilianguka Nagasaki. Wakongomani wengi hawajaambiwa kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, wakati nchi ikiwa chini ya Ubelgiji. Watu walioichimba hawakuambiwa inakwenda kufanya nini.

Vita vilipokwisha, taa za mji wa Osaka ziliwashwa tena usiku. Tezuka aliziona na kuelewa kwamba atabaki hai. Alikuwa na umri wa miaka 16.

Mganga mwenye kalamu

Mwaka huo wa 1945 alianza masomo ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Osaka. Miezi michache baadaye, Januari 1946, gazeti la watoto lilianza kuchapisha katuni zake fupi. Kutoka hapo aliishi maisha mawili: mchana darasani, usiku mezani na wino.

Japani ya wakati huo ilikuwa na njaa. Watoto hawakuwa na pesa ya vitabu vizuri. Lakini vilikuwepo vijitabu vya bei nafuu, vya karatasi duni na jalada jekundu, vilivyouzwa katika maduka ya pipi na vibanda vya barabarani. Wanaokumbuka jinsi Papa Mfumu'eto alivyouza vijitabu vyake vya Kilingala kwenye masoko ya Kinshasa wataelewa biashara hiyo mara moja.

Ni katika soko hilo ambapo kitabu cha Kisiwa Kipya cha Hazina kilitoka mwaka 1947, hadithi ikiwa ya Shichima Sakai na michoro ikiwa ya Tezuka. Inasemekana kiliuzwa nakala zipatazo 400,000. Wasomaji walishangazwa na namna hadithi ilivyosonga. Gari linatokea mbali, linakaribia, linapita, kama vile msomaji yuko sinema. Vitabu vingi vya michoro vya wakati huo vilionyesha watu kama wanaosimama jukwaani. Tezuka alichukua jicho la kamera na kuliweka kwenye karatasi. Vijana kadhaa waliokuja kuwa wachoraji wakubwa walikata shauri baada ya kukisoma kitabu hicho.

Alihitimu udaktari mwaka 1951, akafaulu mtihani wa taifa na kupata ruhusa ya kutibu. Alimwomba mama yake ushauri, na mama akamwambia afuate kile anachokipenda kwa moyo wote. Akachagua kalamu. Hata hivyo hakuiacha sayansi: mwaka 1961 alipata shahada ya udaktari wa falsafa ya tiba katika Chuo cha Tiba cha Nara, kwa utafiti kuhusu mbegu za uzazi za konokono.

Mvulana wa chuma

Mwaka 1952 hadithi ya Tetsuwan Atomu ilianza katika jarida la wavulana. Nchi za lugha ya Kiingereza zinamjua kwa jina Astro Boy, na Wafaransa kwa jina Astro, le petit robot.

Hadithi ni ya huzuni kuliko inavyoonekana. Mwanasayansi mmoja anampoteza mtoto wake katika ajali ya gari. Anatengeneza roboti mwenye sura ya marehemu. Baadaye anakasirika kwa sababu roboti huyo hakui, anamuuza kwenye sarakasi. Profesa mwingine mwenye huruma anamwokoa na kumlea. Tangu hapo Atomu, mwenye nguvu za farasi 100,000, anaishi katikati ya binadamu wanaomhitaji wakati wa hatari na kumdharau wakati wa amani.

Watu wengi walimchukulia Atomu kama sifa kwa teknolojia. Tezuka mwenyewe, alipozeeka, alieleza kwamba walimwelewa vibaya. Alitaka kuonyesha hatari ya sayansi isiyokuwa na moyo, na uchungu wa kiumbe anayebaguliwa kwa sababu ya alivyoumbwa.

Katika miaka hiyo aliishi kwa muda katika nyumba ya kupanga iliyoitwa Tokiwa-so, Tokyo. Vijana wachoraji walihamia humo kumfuata. Kati yao walikuwepo wawili waliotumia jina la pamoja la Fujiko Fujio. Mmoja wao ndiye aliyemchora Doraemon, paka roboti anayejulikana dunia nzima. Mwaka 1953 Tezuka alianza pia hadithi ya binti wa mfalme anayejifanya mvulana ili asinyang'anywe kiti cha enzi. Kazi hiyo ilifungua njia pana kwa manga za wasichana.

Kati ya 1952 na 1959 alichora pia hadithi ya nyani Son Goku, kutokana na kisa cha kale cha Kichina. Anayemjua Son Goku kwa sababu ya Dragon Ball ya Akira Toriyama, iliyoanza mwaka 1984, ajue kwamba jina hilo lilikuwa limepita kwenye kalamu ya Tezuka zaidi ya miaka 30 kabla. Toriyama mwenyewe alitaja filamu za Atomu miongoni mwa vitu vilivyomvuta kwenye uchoraji.

Tarehe 1 Januari 1963

Tezuka hakuisahau ahadi aliyojiwekea katika jumba la sinema la Osaka. Mwaka 1961 alianzisha studio ya filamu, iliyokuja kuitwa Mushi Production. Tarehe 1 Januari 1963, televisheni ya Fuji ilionyesha sehemu ya kwanza ya Atomu. Huo ndio mwanzo wa anime ya kila wiki kama mashabiki wa leo wanavyoijua: hadithi inayoendelea, yenye urefu wa nusu saa pamoja na matangazo. Ilidumu hadi mwisho wa 1966, sehemu 193 kwa jumla. Wakati fulani zaidi ya asilimia 40 ya nyumba zilizopimwa ziliifuatilia.

Watu wa kazi hiyo walikuwa wamesema haiwezekani. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Kwa katuni za kifahari za Walt Disney, kila sekunde ilidai michoro mingi na miezi ya kazi. Tezuka alipunguza. Mchoro mmoja ulishikiliwa kwa picha tatu, hivyo michoro minane ilitosha kwa sekunde. Mtu akizungumza, mdomo tu ndio uliosogea. Mchoro wa Atomu akiruka angani ulitunzwa ghalani na kutumiwa tena katika sehemu nyingine. Upungufu wa mwendo ulifidiwa kwa hadithi nzuri, muziki na picha za karibu za uso.

Shabiki yeyote anaweza kuhakikisha jambo hili leo. Katika anime nyingi, shujaa husimama kimya, upepo unapeperusha nywele zake, macho peke yake yanasema. Mtindo huo watu wanaupenda, lakini ulizaliwa kutokana na uhaba wa pesa na muda.

Tatizo likawa bei. Ili televisheni ikubali, Tezuka aliuza kila sehemu kwa pesa pungufu ya gharama halisi, akitegemea kufidia hasara kwa pesa za vitabu vyake, mauzo ya nje na bidhaa zenye picha ya Atomu, kama chokoleti. Kwa muda ilifanya kazi. Lakini bei hiyo ndogo ikawa kipimo kwa studio nyingine pia, na wachoraji waliokuja baadaye walilalamikia mshahara mdogo na usiku wa kutolala. Hayao Miyazaki, aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu mashuhuri kupita wote Japani, alimkosoa waziwazi kwa jambo hilo baada ya kifo chake.

Simba mweupe na jiwe la mwezi

Kwa msomaji wa Kongo, kazi ya Tezuka inayogusa zaidi ni Jungle Taitei, maana yake mfalme mkuu wa msitu. Kwa Kifaransa inaitwa Le Roi Léo. Ilianza kuchapishwa mwaka 1950 na kumalizika 1954. Mwaka 1965 ikawa anime, mfululizo wa kwanza wa Japani wa televisheni kwa rangi, sehemu 52.

Leo ni simba mweupe. Baba yake anauawa na mwindaji. Mama yake anakamatwa akiwa na mimba na kupakiwa melini, na mtoto anazaliwa humo baharini. Anakua kati ya watu, anajifunza lugha yao, kisha anarudi Afrika. Huko anajaribu kujenga jamii ambamo wanyama hawalani, wanalima na kusuluhisha ugomvi kwa maneno.

Katika manga, sehemu ya mwisho inahusu jiwe la mwezi, madini yenye nishati kubwa. Nchi mbili za kigeni zinatuma misafara kulitafuta kwenye mlima unaoitwa Mwezi. Tezuka aliubuni mlima huo, lakini kwa karne nyingi wageni waliita Rwenzori, mlima ulio kati ya Kivu Kaskazini na Uganda, kwa jina hilohilo la Milima ya Mwezi. Msafara unaangamia katika dhoruba ya theluji. Leo anatoa uhai wake ili mtu mmoja abaki hai, ajifunike ngozi yake na kushuka na habari.

Yeye anayeishi karibu na koltani ya Rubaya au bati la Bisie hahitaji maelezo marefu ili aelewe hadithi ya wageni wanaopanda mlima wa Afrika kutafuta jiwe.

Lakini upo upande mwingine, nao usifichwe. Tezuka alikuwa hajafika Afrika alipoianza hadithi hiyo. Aliijua kupitia filamu na katuni za Marekani na Ulaya. Waafrika katika kurasa zake walichorwa kwa kejeli, midomo imekuzwa kupita kiasi, mavazi ya majani, akili ya kitoto. Simba wake alipewa heshima kubwa kuliko watu wa nchi ya simba huyo.

Mwaka 1990, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kikundi kinachopinga ubaguzi dhidi ya watu weusi nchini Japani kiliwalalamikia wachapishaji. Usambazaji wa baadhi ya vitabu vyake ulisimamishwa kwa muda. Viliporudi madukani, viliongezewa maelezo kwa msomaji: kwamba baadhi ya michoro inaumiza, kwamba ilitokana na mawazo ya zama zake, na kwamba mwenyewe hayupo tena kuirekebisha.

Wakongomani wanaujua mjadala huu kupitia Tintin au Congo ya Mbelgiji Hergé. Mwaka 2007 Mkongomani Bienvenu Mbutu Mondondo alikishitaki kitabu hicho mjini Brussels, na mwaka 2012 mahakama ikakataa ombi lake la kukipiga marufuku. Kesi iliisha, lakini watu wengi walijifunza kukisoma kwa macho yaliyo wazi. Tezuka naye anahitaji msomaji wa namna hiyo. Mtu aliyeandika maisha yake yote dhidi ya dharau alishindwa kuiona dharau iliyokuwa kwenye ncha ya kalamu yake.

Simba huyo aliingia kwenye mjadala mwingine mwaka 1994, kampuni ya Disney ilipotoa filamu ya The Lion King. Wachoraji wengi wa Japani waliona inafanana mno na kazi ya Tezuka, wakaiandikia Disney barua. Disney ilikana kuiga. Warithi wa Tezuka hawakwenda mahakamani. Inafaa kukumbuka kwamba Tezuka mwenyewe alimpenda sana Walt Disney, alitazama Bambi mara nyingi kupita hesabu, na walikutana ana kwa ana mwaka 1964 katika maonyesho ya dunia mjini New York.

Kuanguka na kuinuka

Mwishoni mwa miaka ya 1960, wasomaji walianza kuona Tezuka amepitwa na wakati. Vijana walitaka hadithi kali zaidi. Mwaka 1973 Mushi Production ilifilisika, na madeni yakamwandama. Wengi waliamini amekwisha.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, jarida moja lilimpa nafasi ya hadithi fupi, wengine wakidhani ni heshima ya kumuaga. Hadithi hiyo ikawa Black Jack. Ni habari za daktari mpasuaji mwenye kovu usoni, hodari kuliko wote, asiye na kibali cha kazi. Anawatoza matajiri pesa nyingi mno, na mara nyingine anamtibu maskini bure. Anaokoa maisha, kisha anajiuliza kama ameokoa kweli. Elimu ya udaktari ambayo Tezuka aliiweka pembeni miaka 20 ilirudi kumlipa. Black Jack iliendelea hadi 1983.

Alichora pia kazi nzito zaidi. Alisimulia maisha ya Buddha kuanzia 1972 hadi 1983. Kati ya 1983 na 1985 alitoa hadithi ya watu watatu wenye jina la Adolf, mmoja wao Hitler, kuonyesha jinsi chuki ya ukoo na taifa inavyowageuza marafiki wawili wa utotoni kuwa maadui. Na kwa miaka mingi aliendelea na Phoenix, mfululizo kuhusu ndege wa moto asiyekufa na watu wanaouana ili wainywe damu yake waishi milele. Yeye aliuona kuwa kazi ya maisha yake. Hakuumaliza.

Siku za mwisho

Mwaka 1988 saratani ya tumbo ilimlaza hospitalini. Inasimuliwa kwamba hakuambiwa wazi jina la ugonjwa wake, kama ilivyokuwa desturi katika Japani ya wakati huo, ingawa alikuwa daktari. Kitandani aliendelea kuchora kazi tatu kwa pamoja, moja ikiwa maisha ya mwanamuziki Beethoven. Waliokuwa karibu naye wanasimulia kwamba katika saa zake za mwisho alikuwa bado anaomba aachwe afanye kazi.

Alifariki mwezi mmoja baada ya mfalme Hirohito, aliyeitawala Japani tangu kabla ya Tezuka kuzaliwa. Wajapani wengi waliona zama mbili zimefungwa pamoja. Mwaka 1994 mji wa Takarazuka ulifungua jumba la makumbusho kwa heshima yake.

Wapi pa kuanzia

Kwa shabiki anayetaka kuingia katika kazi za Tezuka leo, mlango rahisi ni Dororo, anime ya mwaka 2019 iliyotokana na manga yake ya 1967. Mtawala mmoja wa zama za vita anawaahidi mashetani viungo vya mwanawe mchanga ili apate nguvu na nchi yake istawi. Mtoto anaishi, anakua, na anapigana kuvirudisha viungo vyake kimoja kimoja. Swali la hadithi ni zito: je, ustawi wa wengi unahalalisha mwili wa mtoto mmoja kuuzwa? Ina damu nyingi, haiwafai watoto wadogo.

Wa pili ni Pluto, sehemu nane zilizotoka Netflix mwaka 2023. Imetokana na manga ya Naoki Urasawa, aliyeandika upya kwa ajili ya watu wazima kisa kimoja cha Atomu. Humo roboti waliopigana vitani wanaota ndoto mbaya za yale waliyoyafanya. Mtu aliyewahi kukimbia risasi ataitambua hali hiyo.

Anayependa kusoma aanze na Black Jack, kwa sababu visa vyake ni vifupi na kila kimoja kinajitegemea. Baada yake zipo La Vie de Bouddha na L'Histoire des 3 Adolf, kwa Kifaransa. Le Roi Léo ibaki kwa msomaji aliyekwisha kuonywa kuhusu michoro yake, kwani hapo ndipo atapata uzuri na dosari kwa pamoja.

Wanaozoea kazi zake watagundua mchezo mmoja. Mzee mwenye masharubu makubwa anayesalimika mlimani kwa ngozi ya Leo huonekana tena katika Atomu akiwa mwalimu, na katika kazi nyingine akiwa mpelelezi. Tezuka aliwatumia wahusika wake kama waigizaji wa kampuni moja ya sinema, akiwapa kazi mpya kila mara.

Katika kazi hizo zote, kifo hakifanyiwi mzaha. Mhusika akifa, hafufuliwi kwa urahisi ili hadithi iendelee, na wauaji wanabaki na mzigo wao. Mtu aliyetembea kati ya maiti za Osaka akiwa na miaka 16 hakutaka msomaji mtoto ajifunze kwamba uhai ni kitu cha bei rahisi. Kwa vijana wa Masisi na Walikale, ambao wengi wamekua wakisikia silaha kabla ya kujua kusoma, hiyo ni sababu tosha ya kumtafuta.